Habari za Sponji, Kiatu cha Kwenye Friji na Kitufe Kilichobonyezwa

Tulieni basi. Wewe uliyeshika simu, ilaze kifudifudi. Na wewe unayetafuna, tafuna polepole, maana habari ninayoileta haijawahi kuletwa mbele za watu, na masikio yaliyoumbwa kwa ajili yake ndiyo hayo hayo mliyokuja nayo. Wamesimuliwa majemedari waliovuka majangwa kwa kiu, wamesimuliwa wafalme walioangusha ngome kwa moto, na kila mwanamume aliyewahi kuua nyoka bafuni amepata wa kumsifia hadi watu wakachoka. Ila mpaka leo hakuna aliyejitwika mzigo wa kueleza jinsi Sponji, fundi wa makochi, alivyosogeza kidole kimoja mbele ya halaiki na kubonyeza kitufe. Mzigo huo nimeubeba mimi, wala sikuombwa na mtu.

Nawe Umeme, bibi wa nyaya, usiyebisha hodi ukija wala kuaga ukiondoka, nakusihi kwa heshima zote: kaa nasi hadi mwisho wa habari hii. Tabia yako tunaijua.

Alikuwepo basi huyo Sponji, mwana wa fundi na mjukuu wa fundi, mwenye sindano iliyopinda na mkono ulionyooka, asiyeshindwa na kona ya kochi lolote, avivikaye viti vilivyo uchi na kuyarudishia makalio ya watu heshima yake. Jina la Sponji alipewa na wateja kwa sababu ya godoro la sponji alilokuwa akilikata kutwa nzima, na vumbi lake likimkaa kwenye nyusi. Hiyo ilikuwa kazi ya mchana. Jioni na siku za mapumziko alikuwa mwanamuziki, na hapo ndipo penye hadithi.

Zamani alikuwa na bendi nzima. Mpiga gitaa akahamishwa kikazi, mpiga ngoma akaoa mwanamke asiyependa ngoma, na wa tarumbeta akaamua tu kuacha, basi. Mwingine angelia. Sponji hakulia, alijipatia kompyuta ya mapajani, akaweka ndani yake programu ya kurekodi muziki, akawafufua wenzake wote mmoja mmoja: ngoma, besi, gitaa, tarumbeta, kila mmoja kwenye mstari wake wa rangi pale kwenye skrini, wakifuata amri ya mshale mdogo. Jeshi hilo jipya halikuchelewa mazoezi wala halikulewa kabla ya onyesho. Alikuwa na kinanda chenye kitufe kimoja kilichokufa, maiki moja, na jozi mbili za hedifoni zilizoshikwa kwa gundi ya makochi.

Na studio, je? Studio ilikuwa kabati la nguo la chumbani. Usicheke. Alilipamba ndani kwa mabaki ya magodoro, juu, chini na ubavuni, akaning'iniza maiki kwenye hanga la suti yake ya harusi. Mtu akiingia na kufungiwa mlango, kelele za ulimwengu zilimwacha, akabaki na mapigo ya moyo wake na harufu ya vidonge vya kufukuzia nondo. Studio za mjini zina marumaru mlangoni, lakini nguo za watu hazikai humo.

Kila shujaa ana adui wake, na adui wa Sponji alikuwa friji. Friji yao ilikuwa ya umri mkubwa, imesimama jikoni kama askari mnene aliyepewa zamu asiyoitaka, na ilikoroma. Mkoromo wake ulipita ukutani, ukapita mlangoni, ukapita kwenye godoro, ukaja kulala kwenye kila wimbo aliorekodi. Kwa hiyo kabla ya kurekodi aliichomoa, na baada ya kurekodi, akiwa na furaha ya ushindi, alisahau kuichomeka. Nyama ikaoza. Akasahau tena, na maziwa yakageuka kitu ambacho hakuna aliyethubutu kukipa jina. Mkewe akatoa tamko sebuleni kwamba mara nyingine atakayeozeshwa ni yeye Sponji.

Hapo ndipo akili ya fundi ilipong'aa. Tangu siku ile, kila alipochomoa friji, aliweka ndani yake kiatu chake kimoja cha kazini. Hesabu yake ilikuwa hii: mtu hatoki nyumbani na kiatu kimoja; atakitafuta; atafungua friji; atakumbuka. Na kweli mbinu ilifaa. Mguu wake wa kulia ulianza kwenda kazini ukiwa na baridi kuliko wa kushoto, lakini nyama ilipona.

Sasa mke wake. Watu wote walimwita Karani, kwa kuwa alikuwa karani wa mapokezi katika zahanati, anayekaa dirishani na kuita wagonjwa kwa majina, na alikuwa na sauti ambayo mgonjwa aliyesinzia kwenye benchi la mwisho akiisikia huinuka akidhani amepona. Yeye ndiye aliyekuwa mwimbaji wa ile bendi ya zamani, na ndiye sababu ya Sponji kupenda muziki, na ya kupenda mambo mengine pia. Lakini kulikuwa na kidonda. Katika sherehe ya kumuaga daktari mkuu, mbele ya wafanyakazi wote, Karani alifika pale juu kwenye wimbo, sauti ikamkatikia, na mtu mmoja akacheka. Mmoja tu. Tangu siku hiyo Karani hakuimba tena mbele ya watu. Hata akiwa jikoni peke yake, akisikia hatua mlangoni, alikigeuza kibwagizo kuwa kikohozi. Sponji alikijua kile kikohozi na kilimuuma kuliko sindano yake mwenyewe.

Basi mdogo wake Karani akachumbiwa, harusi ikapangwa, na bi harusi huyo mtarajiwa akaja kwa dada yake na ombi moja. Alitaka aingie ukumbini kwa wimbo waliobembelezewa na mama yao walipokuwa wadogo, na auimbe dada.

"Mimi siimbi siku hizi, unajua," Karani akamwambia.

"Najua. Na mimi sitaki wimbo wa redio. Dada usipoimba nitaingia kimya kimya, watu wadhani nimekuja kuomba maji."

Akaondoka zake. Karani alikaa na neno hilo siku kadhaa, kisha akamwita mumewe. "Nitaimba kabatini," akasema. "Wewe utanirekodi, ukumbini utaweka hiyo sauti yangu, mimi nitafungua mdomo tu. Maiki iwe imezimwa. Unaapa?"

Sponji akapiga goti kwenye zulia, akaweka mkono kifuani, akasema: "Mke wangu, taa ya nyumba hii, naapa kwa sindano iliyonilea na kwa uzi ulionivisha, sauti yako itafika ukumbini salama kama yai, nami nitakuwa ngao yako, na mnara wako, na—"

"Sema ndiyo."

"Ndiyo."

Wakati huo huo Mama Mkwe akawasili kwa maandalizi ya harusi. Alikuwa mwanamke mfupi, mnyoofu, mstaafu wa ualimu, aliyeingia chumba chochote kama anakuja kukusanya madaftari. Kwa habari ya muziki wa mkwewe alikuwa na neno moja, nalo ni kelele. Sponji alimheshimu na kumwogopa kwa pamoja, kama inavyompasa mkwe. Kwa ajili yake aliweka kwenye kompyuta pleilisti mbili za kusikiliza nyumbani. Moja aliipa jina la Mama Akiwepo: nyimbo za taratibu, za adabu, ambazo hata mguu wa meza usingetikisika. Nyingine aliiita Mama Akishatoka. Hiyo sina haja ya kuieleza.

Ikafika Jumapili ya kurekodi. Mama Mkwe alikuwa amekwenda kwa mshonaji kupima gauni, nyumba ikabaki wazi kama uwanja kabla ya vita. Sponji akachomoa friji, akaweka kiatu cha kulia kwenye rafu ya kati, juu ya nyanya, akarudi chumbani akichechemea. Mkewe alikuwa tayari kabatini, hedifoni masikioni, suti na magauni yakimgusa mabega.

"Ewe mwimbaji wa waimbaji," akaanza Sponji, mkono mmoja kwenye mlango wa kabati, "leo ndiyo siku ambayo vizazi—"

"Washa hilo dude niimbe, joto litaniua humu."

Akafunga mlango, akawasha. Mara ya kwanza, jirani akawasha blenda. Mara ya pili, geti likagongwa na mtu aliyekuwa amepotea nyumba. Kisha hanga likaanguka, kisha Karani mwenyewe akapiga chafya, na kila mara walipofika karibu na pale juu, sauti yake iliogopa, ikapita chini yake kama mtu anayepita chini ya dirisha la anayemdai. Sponji alimwona ndani ya hedifoni bila kumwona kwa macho: alijua sasa amefumba macho, sasa ameshika pindo la suti. Alirudisha mshale mwanzoni, akabonyeza tena.

Na mara hiyo, wapenzi wasikilizaji, Karani akaimba. Aliimba kama alivyoimba kabla ya yule mtu kucheka. Ubeti ukapita, kibwagizo kikapita, wimbo ukaanza kupanda, naye akapanda nao bila kushika ukuta, akafika pale juu, akakaa pale juu, na Sponji akasikia nywele za mkono zikisimama.

Ni sekunde hiyo hasa, wala si nyingine, ambayo Mama Mkwe, aliyekuwa amerejea kwa mlango wa nyuma akiwa na kiu, alifungua friji kutafuta maji.

"Kiatu! Nani kaweka kiatu juu ya nyanya?"

Ilikuwa sauti ya mwalimu aliyefundisha madarasa ya watoto sitini bila kipaza sauti. Ilivuka jikoni, ikavuka ukumbi mwembamba, ikatoboa mlango wa chumba na mlango wa kabati, ikapenya godoro lote ambalo Sponji alilibandika kwa mikono yake, ikaketi kwenye maiki sawasawa.

Karani hakuisikia, kwa sababu ya hedifoni masikioni. Alimaliza wimbo, akafungua mlango wa kabati, jasho likimtoka, machozi yakimlengalenga. "Nimepapata pale juu?"

"Umepapata," akasema Sponji, na hilo lilikuwa kweli.

"Basi hiyo hiyo. Sirudii. Hata ukinipigia magoti sirudii."

Nusu saa baadaye kilikaa kikao cha meza ya chakula. Kiatu kiliwekwa kwenye sinia katikati, na Mama Mkwe akakaa nyuma yake.

"Mkwe wangu," akasema, "nimekupa binti yangu, sikuuliza mengi. Nilijua una vumbi, nikasema vumbi linafutika. Nilijua una kinanda, nikasema kitaharibika. Leo nimeomba maji ya kunywa, nimepewa kiatu. Nieleze taratibu, mimi si mtu wa haraka."

Sponji akaeleza: mkoromo, kuchomoa, kusahau, nyama, kiatu. Alieleza kwa ufasaha na akatumia mikono. Mama Mkwe akamsikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo kiatu ndicho kinachokumbuka kwa niaba yako."

"Ndiyo, mama."

"Na kichwa kina kazi gani?"

Kiatu kikarudishwa mlangoni, nyanya zikaoshwa upya.

Sasa ndipo vita vyenyewe vilipoanza, na vilipiganwa kwenye kiti cha plastiki. Kila alasiri akitoka kazini Sponji aliketi mbele ya skrini na kuitazama sauti ya mkewe iliyochorwa kama safu ya milima, na pale kwenye kilele chake, kama mwiba, sauti ya mama yake. Zilishikana. Akipunguza moja, nyingine inapungua. Alijaribu kuchuja, ikawa Karani anaimba ndani ya ndoo. Alijaribu kuazima kile kipande cha juu kutoka kwenye majaribio yaliyoshindikana, akakibandika. Kikawa kama kochi la ngozi lililotiwa kiraka cha pazia. Fundi wa makochi anaweza kusamehe mengi, lakini kiraka hakisamehi. Mwishowe alitwaa mkasi wa programu, akakata kilele chote pamoja na mwiba wake, akaacha pale shimo la ukimya. Muziki uliendelea chini yake, ila sauti haikuwepo. Lilikuwa shimo fupi, la pumzi moja ndefu.

Akasema atamwambia. Alinuia kumwambia kwenye chai, akapaka mkate siagi pande zote mbili badala yake. Alinuia tena wakikunja nguo. Lakini kilichomfunga mdomo ni hiki: Karani alikuwa ameanza kuimba nyumbani. Akiosha vyombo, akitafuta funguo, hata mama yake akiingia jikoni, hakukohoa tena. Alijua sauti yake iko salama ndani ya kompyuta, imekwisha kufika pale juu na haiwezi kuanguka tena, na usalama huo ulikuwa umemrudishia rangi usoni. Sponji alimsikiliza akiwa nyuma ya mlango, na moyo wake ulimwambia yeye ni mwoga, naye akakubaliana nao.

Siku ya harusi ikafika. Ukumbi ulipambwa kwa vitambaa vilivyofungwa kwenye migongo ya viti, ushonaji wake ukamkera Sponji. Meza yake ilikuwa pembeni ya jukwaa, nyuma ya chombo kikubwa cha maua ya plastiki: kompyuta, kinanda, miksa ndogo yenye swichi ya kupandisha na kushusha maiki, na pleilisti ya siku nzima aliyoipanga kwa mpangilio, wimbo wa kuingia, nyimbo za chakula, nyimbo za kucheza. Alikagua nyaya zote. Kisha, wageni wakiwa wamekwisha kukaa na mshereheshaji akijaribu maiki yake, akamkuta mkewe kwenye korido ya masinki, akijitazama kwenye kioo, akamwambia.

Karani hakugeuka. Alimtazama kupitia kioo. "Yaani umenikata."

"Nimemkata mama."

"Mama ndiye aliyeweka kiatu kwenye friji?"

Sponji akavitazama viatu vyake.

"Ungeniambia nyumbani."

"Ningekuambia nyumbani, usingekuja."

Lilikuwa jibu la kweli, na kwa sababu hiyo lilimkasirisha zaidi. Alifunga bomba kwa nguvu, ingawa halikuwa wazi. "Kwa hiyo ukumbi mzima uniangalie nimepanua mdomo, hamna kitu kinachotoka, kama samaki."

"Hapana. Tukifika pale nitapandisha maiki, pale tu. Ukitaka kujaza, jaza. Usipotaka, funga mdomo, uangalie maua. Mimi nitapita juu yake na kinanda, hakuna atakayejua. Chaguo lako. Naapa."

"Wewe na viapo vyako." Akajifuta mikono. "Mimi na wewe tutaongea nyumbani."

Mshereheshaji akatangaza. Milango ikafunguliwa. Na Sponji, ngao na mnara, akakimbia kwa mwendo wa mtu anayejifanya hakimbii, akafika mezani, akaweka kidole kimoja kwenye kompyuta na kingine kwenye swichi ya maiki, akabonyeza.

Wimbo ukaanza. Bi harusi akaingia akiwa ameshikana mkono na mama yake, polepole, na kwenye jukwaa Karani akafungua mdomo, na kutoka kwenye spika ikaja sauti yake ya kabatini, nzuri, nyororo, isiyo na wasiwasi. Watu wakatabasamu. Shangazi mmoja akatoa leso. Ubeti ukapita. Kibwagizo kikapita. Wimbo ukaanza kupanda, na Sponji akaona kwa macho yake mshale ukitambaa kwenye skrini kuelekea kwenye shimo, na mkono wake wa kushoto, mkono ulioshona makochi ya wakubwa na wadogo, ukaikamata swichi kwa nguvu.

Mshale ukafika. Sauti ikakatika. Akapandisha maiki.

Kilichosikika kwanza ni pumzi. Pumzi tu, kubwa, kwenye spika zote. Bi harusi akasimama katikati ya njia.

Kisha Karani akaimba. Sitawadanganya, haikuwa nzuri kama ile ya kabatini. Ilianza na mkwaruzo, ikatikisika, kuna mahali ilikaribia kukatika kama siku ile, na Sponji akafumba macho. Lakini ilikuwa na hasira ndani yake, hasira ya korido ya masinki, na hasira hiyo ikaishika mkono na kuipandisha, ikafika pale juu, ikakaa. Hakuna aliyecheka. Sponji alikuwa na hofu na furaha kwa kiasi kimoja na hakujua amwonyeshe nani.

Na hapo, kwa kuwa kompyuta haijui mambo ya watu, shimo likaisha, sauti ya kabatini ikarudi. Wakawa Karani wawili, mmoja kwenye jukwaa na mmoja kwenye spika, na hawakuwa pamoja hata kidogo. Mapatano yalisema sasa Sponji ashushe maiki, mkewe arudi kufungua mdomo tu, salama. Kidole chake kilikuwa pale pale kwenye swichi. Lakini Karani hakunyamaza. Aliendelea kuimba, akageuza shingo kumtazama mumewe nyuma ya maua ya plastiki, mtazamo ule anaopewa mtu aliyeacha bomba la maji likichuruzika.

Ndipo likatendeka Tendo. Simameni kama mna miguu. Mkono wa kushoto wa Sponji uliiacha swichi ya maiki juu ilipokuwa, na mkono wa kulia ukanyanyuka kutoka mezani, ukavuka kikombe cha chai, ukapita juu ya nyaya zilizolala kama majeruhi, ukaikaribia kompyuta ambako vitufe vilisongamana kama umati wa sokoni, kimoja cha kusimamisha muziki wote na kuleta fedheha ya kudumu, kingine cha kufungua Mama Akishatoka mbele ya mama mwenyewe, na kati ya hivyo viwili, kadogo, ka kijivu, kitufe cha kunyamazisha mstari ulioandikwa Sauti. Na kidole cha shahada, chenye kovu la sindano, kikashuka bila kukosea upande huu wala ule, kikabonyeza.

Sauti ya kabatini ikanyamaza. Ngoma zikaendelea, besi ikaendelea, tarumbeta la mtu aliyeacha tarumbeta likaendelea. Na juu yao akabaki Karani peke yake, mzima, mwenye mkwaruzo wake, akiimba mbele ya watu hadi neno la mwisho.

Wageni hawakugundua kitu. Walipiga makofi kama watu wanavyopiga, wakaanza kuulizana chakula kitatoka lini. Ila mimi nasema, na aandikaye aandike, kwamba siku hiyo, ukumbini humo, baina ya maua ya plastiki na kikombe cha chai, fundi wa makochi alibonyeza kitufe kimoja, na hakuna kitufe kilichowahi kubonyezwa vizuri zaidi ya hicho.

Aligundua mtu mmoja tu, kwa sababu wimbo ulikuwa wake. Bi harusi alipokwisha kuketishwa, Mama Mkwe alizunguka jukwaa, akaja mezani kwa Sponji, akavaa miwani, akasoma skrini kutoka juu hadi chini kama anasahihisha. Kidole chake kikasimama.

"Hii Mama Akishatoka. Ni mama yupi?"

"Ni mama kwa ujumla, mama."

Mama Mkwe akavua miwani, akaikunja. "Baada ya chakula," akasema, "uweke hiyo."

Akaiweka. Na alicheza huyo mstaafu, na alicheza, mpaka mshereheshaji akamwomba apumzike.

Jumapili iliyofuata, harusi ikiwa imekwisha na Mama Mkwe akisubiri siku yake ya kuondoka, Karani alisimama mbele ya kabati mikono kiunoni. Yale mazungumzo ya nyumbani yalikuwa yamekwisha kufanyika, na Sponji alikuwa ameshindwa kwa haki. "Pale juu sikupapenda," Karani akasema. "Nilikwaruza. Turekodi upya wimbo wote, vizuri. Na siku nyingine usinifiche kitu."

Akaingia kabatini mwenyewe. Sponji akavua kiatu cha kulia, akachechemea hadi jikoni kuchomoa friji. Akaikuta imekwisha kuchomolewa. Akaufungua mlango. Kwenye rafu ya kati, pembeni ya nyanya, ilikuwepo kandambili moja ya bluu, ndogo, imewekwa juu ya karatasi safi.

Akageuka, akachungulia sebuleni. Mama Mkwe alikuwa amekaa kwenye kochi, mguu mmoja peku, mikono mapajani, kimya kama mtu aliye kwenye chumba cha mtihani. Hakumwangalia.

Sponji akaweka kiatu chake pembeni ya kandambili, akafunga mlango wa friji taratibu usilie. Hivyo ndivyo siku hiyo viatu viwili vilivyolala ndani ya friji moja, cha mkwe na cha mama mkwe, na hakuna aliyesema neno hadi wimbo ulipokwisha.